Kiazi ulichoniomba

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima. Uliniomba kwamba nitakaporudi Tanga nikuletee kiazi cha lile ua la pichani, ukipande karibu na kisima. Sitakileta, na ningependa uelewe sababu.

Ua hilo ni siklameni ya Kupro, ambayo haioti porini popote duniani isipokuwa katika kisiwa hiki, na tangu mwaka 2006 ndiyo ua la taifa. Juzi nilipanda tena milima ya Troodos kuitazama. Ilikuwa kivulini, katikati ya mawe, kwenye udongo haba uliofunikwa na majani makavu ya misonobari. Harufu yake tamu ilinifikia kabla sijaiona. Petali zake ni nyeupe au zina wekundu hafifu, zimekunjwa kurudi nyuma kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, na kila moja ina alama ya zambarau inayofanana na herufi M.

Huchanua kuanzia Septemba hadi Januari, kisha majani hustawi katika miezi ya baridi na mvua. Kiangazi kikifika, ambapo hapa mvua ni adimu mno, majani yote hukauka na mmea hubaki kiazi tu, umelala ardhini. Je, Tanga yetu yenye joto la unyevunyevu italala lini ili kiazi hicho kipumzike? Naamini kingeoza.

Lililonigusa zaidi ni mbegu zake. Ua likishachavushwa, kikonyo hujisokota kama springi na kulivuta tunda taratibu hadi udongoni. Tunda likipasuka, sisimizi huzibeba mbegu kwa ajili ya utando wake mtamu, huula utando na kuziacha mbegu, nazo huota huko zilikoachwa. Nikichimba kiazi kimoja, nitakuwa nimewanyang'anya pia sisimizi hao riziki yao. Isitoshe, siklameni zote za porini zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, na huwezi kuvusha kiazi chake mpakani bila kibali.

Usihuzunike, mwanangu. Nilikaa juu ya jiwe karibu saa nzima nikichora kikonyo kilichojisokota, mizunguko yake yote, na mchoro huo umo ndani ya bahasha hii.

Akupendaye,
Baba yako