Roboti ya usonji sawa, ila kliniki ya miezi 18 je?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo. Kwenye grupu letu la wazazi hapa Moshi kuna video imezunguka wiki nzima ya kile kiroboti cha Ufaransa kinaitwa NAO, kafupi sentimita 58, kanapunga mkono kanacheza na mtoto, na kinamama wenzangu wanauliza lini kitafika huku maana wamesikia vitu kama hivyo vinasaidia kutambua usonji (autism), ile hali ya mtoto kuwasiliana na kuchangamana na watu tofauti na wenzake. Wengine wanacheka. Mimi sicheki, mwanangu ana usonji na najua kumpima ilivyokuwa.

Usonji hauna kipimo cha damu wala picha. Daktari anakaa anamwangalia mtoto anavyocheza, akiitwa jina anageuka au la, ukimwonyesha kitu kwa kidole anafuata kule au anabaki kutazama kidole chenyewe. Sasa wa kwangu siku ile tumetoka nyumbani saa kumi alfajiri, basi, foleni, njaa, kuingia tu ndani kajitupa sakafuni kalia mpaka kalala, daktari kaandika alichoona, mimi namwambia nyumbani hayuko hivi, nani anasikiliza. Hapo ndo naona roboti ina maana. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Brian Scassellati, tangu miaka ya 2000 anaeleza jambo hili: roboti inamfanyia kila mtoto kitendo kilekile kwa sauti ileile, haichoki, haina watu wengine wamejaa kwenye benchi nje, na kamera inahesabu mtoto katazama wapi kwa sekunde ngapi. Jibu bado la daktari, ila anakuwa na namba mkononi.

Lakini jamani hizo sekunde za macho zipimwe kwanza na kwa watoto wetu. Huku mtoto akimkazia mtu mzima macho si anaambiwa hana adabu? Halafu nyumbani Kiswahili, kwa bibi Kichaga, kwenye tivii katuni za Kiingereza, sasa roboti imwite kwa lafudhi ya kizungu asipogeuka tuseme nini.

Kinachoniuma hasa ni kingine. Kuna karatasi ya maswali 20 inaitwa M-CHAT-R, mzazi anajibu ndiyo au hapana, ya watoto wa miezi 16 mpaka 30. Haisemi mtoto ana usonji, inasema huyu aangaliwe zaidi, basi. Na miezi 18 ndo kila mama anarudi kliniki kwa sindano ya pili ya surua na rubela (na mtu asinielewe vibaya, chanjo haileti usonji, hilo limechunguzwa sana na likakutwa si kweli). Yaani mtoto yupo pale, mama yupo pale, nesi yupo, umri ndo wenyewe. Wangu kapimwa kilo, kachomwa, kadi ikajazwa, tukarudi. Hakuna aliyeniuliza kama ananyooshea kitu kidole ili na mimi nikione, au kama anajifanya anaongea na simu kwa kutumia kiatu kama watoto wengine. Hakuwa anafanya hata kimoja, na mimi sikujua kama ni la kusema. Mama mkwe akasema hata baba yake alichelewa kuongea, jirani akasema mpeleke akaombewe, nikampeleka pia. Jina la usonji nimekuja kulisikia ana miaka minne na nusu.

Kwa hiyo wakubwa wa afya wa mkoa, roboti ije tu ikija, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Hayo maswali 20 lakini hayahitaji umeme wala fundi, nesi anayauliza huku mtoto anasubiri mzani.

Mdogo wake anatimiza miezi 18 mwezi wa kumi na moja. Nimeshaprinti karatasi yangu steshenari ya Double Road, kurasa mbili, nimeibana ndani ya kadi ya kliniki, wasiponiuliza nitawasomea mwenyewe.

Mama wa watoto wawili,
Majengo, Moshi