Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wapangaji wa Tumbo la Mbu

Ndugu wanachama,

Mikutano ya mwaka imefanyika kama katiba inavyotaka. Ada zimeingia, isipokuwa za wale wanaojijua, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitabaki na jambo lililotukalisha usiku: bakteria wanaoishi ndani ya mbu.

Tulizoea kumweleza mbu kama bomba la sindano, ananyonya kirusi huku anakidunga kule. Kikundi cha masomo kimetutoa huko. Mbu anapouma hutema mate, na ngozi hujibu kwa uvimbe: nyutrofili, seli nyeupe za kinga zinazofika mapema, hutangulia, kisha huja seli nyingine nyeupe, zikiwemo makrofeji, zinazomeza wavamizi. Majaribio ya panya yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba hizi zinazofuata ndizo kirusi hujipenyeza na kuzaliana ndani yake. Kinga imeita askari, adui amepata makazi. Kwa usubi anayeeneza leishmania, kimelea kinachosababisha ugonjwa wa leishmaniasi, mwaka 2018 ilionekana kuwa bakteria wa utumboni mwake hutemwa pamoja na vimelea, nao huchochea mwito huo wa nyutrofili. Je, bakteria wa mbu nao hufanya hivyo? Swali hilo ndilo ningependa tulishike.

Ndani ya mbu mwenyewe mambo ni wazi zaidi. Bakteria Serratia marcescens hutoa protini inayomeng'enya ute unaofunika ukuta wa utumbo wa Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengi, na kirusi cha dengi hupita kwa urahisi. Wolbachia, bakteria aliyeonwa kwanza 1924 ndani ya mbu Culex pipiens, hufanya kinyume. Akipandikizwa kwa Aedes hugombea mafuta ya seli na kuamsha kinga ya mbu, kirusi kikakosa pa kustawi. Jaribio la kuachilia mbu wenye Wolbachia huko Yogyakarta, Indonesia, lililochapishwa 2021, lilipunguza wagonjwa wa dengi kwa asilimia 77. Kwa hiyo anayesema "bakteria wa mbu ni wabaya" au "ni wazuri" kwanza aseme ni yupi.

Sasa la aibu. Mafunzo ya kupasua mbu yaliharibika mara mbili. Mnakumbuka kazi ilivyo: mbu chini ya hadubini, sindano moja inashika kifua, nyingine inavuta pingili za mwisho za tumbo taratibu mpaka utumbo unatoka kama uzi wenye unyevu. Mikono ilikuwa mizuri. Ila hatukuwaosha mbu kwa spiriti kabla ya kupasua, basi bakteria walioota kwenye sahani zetu huenda walikuwa wa ganda la nje, au wa vidole vyetu. Sampuli zote zikatupwa. Uangalizi ulikuwa wa kamati, na mimi ndiye niliyeiongoza.

Katika ajenda ya tatu naomba mpitishe mambo mawili: kuosha mbu kuwe sharti linaloandikwa kwenye daftari na kutiwa saini, na kila jaribio la kirusi liwe na kundi la kulinganishia la mbu waliopunguziwa bakteria kwa kulishwa viuavijasumu kwenye maji ya sukari. Nafasi ya katibu msaidizi bado iko wazi.

Mwenyekiti