Mpeni mwanafunzi kimeng'enya kimoja, si rundo la vyombo vya kuosha

Mhariri,

Wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaobisha hodi kwenye maabara za baiokemia mara nyingi hukutana na jibu moja kati ya mawili: "Huna uzoefu, rudi mwaka wa mwisho," au "Karibu, anza na kuosha vyombo." Yote mawili yanatupotezea vijana wazuri. Sisi tunaosimamia tafiti za vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko ya kemikali, tunasema wazi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuleta vipimo vya kuaminika, mradi apewe kimeng'enya kimoja, swali moja na mihula miwili mfululizo. Wiki sita za likizo hazitoshi. Zinakwisha mkono ukiwa ndiyo kwanza umetulia kwenye pipeti.

Wasimamizi wengi hukosea pale wanapomwanzisha na usafishaji wa protini. Kukuza bakteria, kuwapasua, kupitisha protini kwenye safu ya nikeli: kila hatua ina mahali pa kuharibikiwa, na asiyejua kupima kasi ya kimeng'enya hatajua kimefia wapi. Aanze na kipimo, kwa kimeng'enya kilichonunuliwa tayari. Fosfatasi alkalini inafaa sana. Sabstreti yake, yaani kitu ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi, ni p-nitrofenili fosfeti; haina rangi, lakini ikikatwa hutoa p-nitrofenoli ya manjano inayosomeka kwenye nanomita 405. Kazi ya kimeng'enya anaiona kwa macho yake.

Kwenye kuveti (kichupa angavu cha kupimia mwanga) ya sentimita moja aweke mikrolita 940 za bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya dietanolamini ya pH 9.8 yenye magnesi kidogo, 50 za sabstreti, kisha 10 za kimeng'enya. Ufyonzaji wa mwanga ukipanda kwa 0.18 kila dakika, zao linaongezeka kwa mikromola 10 kwa lita kila dakika, kwa kuwa mola moja ya zao hilo kwa lita hufyonza karibu 18,000. Hesabu hiyo aifanye kwa kalamu kabla ya kuiachia kompyuta.

Pagumu ni hapo kwenye mikrolita 10. Kimeng'enya mara nyingi huhifadhiwa kwenye gliseroli ya asilimia 50, nayo ni nzito: ukivuta haraka unaingiza hewa, ukizamisha ncha ya pipeti unabeba ziada iliyoganda kwa nje. Kisha tone linazama chini ya kuveti na kukaa huko. Avute polepole, ncha iguse uso tu wa kimiminika, azibe kuveti na kuipindua taratibu mara tatu bila kutikisa, maana povu huharibu protini. Na kabla ya yote hayo apime mikrolita 10 za maji mara kumi juu ya mizani nyeti. Kila tone liwe karibu miligramu 10. Asiyefika hapo asikiguse kimeng'enya bado.

Halafu kuna mstari unaojipinda. Kimeng'enya kikizidi, sabstreti inakwisha upesi na grafu inalala, naye mwanafunzi anaweka rula katikati ya mkunjo na kuiita kasi. Kasi tunayoitaka ni ya mwanzo, kabla hata asilimia 10 ya sabstreti haijatumika. Leonor Michaelis na Maud Menten walipochapisha kazi yao juu ya invatasi, kimeng'enya kinachokata sukari, mwaka 1913, uimara wake ulitoka hapo hapo: walipima kasi ya mwanzo, na pH waliidhibiti kwa bafa. Basi apunguze kimeng'enya nusu; kasi nayo ipungue nusu. Isipopungua, asianze kutafuta Km, yaani kiwango cha sabstreti kinachoipa kasi nusu ya upeo wake.

Bafa nayo huponza. Mtu anachukua bafa ya fosfeti kwa kuwa ndiyo iliyopo rafuni, bila kukumbuka kwamba fosfeti ni zao la mmenyuko huu na hukalia mahali pa sabstreti. Mwingine anatia EDTA, kemikali inayokamata metali, nayo inanyang'anya kimeng'enya zinki yake. Wote wawili wataandika kwamba kimeng'enya "kimekufa". Msimamizi makini hapo hakemei. Anauliza fosfeti kiasi gani inapunguza kasi kwa nusu, na tayari mwanafunzi ana swali la utafiti.

Jaribio lisilo na kimeng'enya lisikosekane siku yoyote, kwa sababu sabstreti hujikata yenyewe kidogo kidogo. Katika kutafuta Km, atumie viwango kuanzia moja ya tano ya Km inayokisiwa hadi mara tano yake. Grafu ya Lineweaver na Burk ya mwaka 1934, inayochora 1/kasi dhidi ya 1/kiwango cha sabstreti, ibaki ya kutazama tu. Inakuza makosa ya vipimo vidogo kabisa.

Kwa mwanafunzi anayeomba nafasi: mweleze msimamizi una saa gani. Vipindi viwili vya saa nne vina faida kuliko saa moja moja mara nane, kwani kimeng'enya kilichoyeyushwa hakisubiri umalize somo jingine. Uliza pia nani atakufundisha siku kwa siku, na kama daftari la maabara litakuwa na jina lako.

Kwa wakuu wa idara, tunaomba nafasi hizi zibandikwe ubaoni badala ya kupitishwa kwa minong'ono kwa wanaojuana. Nusu ukurasa inatosha: kimeng'enya gani, swali gani, saa ngapi kwa wiki, malipo au alama za kozi, na nani atasimama kando ya mwanafunzi mwezi wa kwanza.

Wasimamizi wa utafiti wa vimeng'enya