Jini akiwahi kuonekana, hatishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kwa waongozaji wa filamu zetu za kutisha. Mimi ni mpambaji wa wasanii. Damu za bandia, makovu na sura za misukule ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba, kwa hiyo ninayoyasema yanagusa mfuko wangu mwenyewe.

Mwanangu alinionyesha filamu ya Uingereza, The Ritual, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na David Bruckner. Wanaume wanne, marafiki tangu chuo, wanatembea kwa miguu kwenye milima ya kaskazini mwa Uswidi kumkumbuka mwenzao Rob, aliyeuawa na vibaka dukani. Mmoja wao, Luke, alikuwamo dukani humo. Alijibanza nyuma ya rafu, chupa mkononi, mwenzake akauawa. Safarini kila mtu analo hilo moyoni. Kisha mmoja wa hao wanne, Dom, anaumia goti, wanaamua kukatisha msituni, na huko ndiko mambo yanakoharibika.

Sasa waongozaji wangu wanisikilize. Jini haonekani sawasawa mpaka filamu inakaribia kwisha. Kabla ya hapo tunaona mnyama mkubwa wa pembe katundikwa juu mtini, tumbo limepasuliwa. Tunaona nyumba ya mbao iliyotelekezwa, na humo ghorofani sanamu la fito lisilo na kichwa, mahali pa viganja pamechomekwa pembe. Wanalala humo, wanaota vibaya. Asubuhi mwenzao Phil anakutwa uchi, kapiga magoti mbele ya sanamu, na Luke ana matundu kifuani. Jini hajaonyesha hata kucha, nami nilishajifunika khanga! Halafu kuna ile njozi ya Luke: taa za duka zinawaka katikati ya miti. Hapo mpambaji hakuwa na kazi kubwa, na ndipo paliponitisha kuliko pote.

Kwetu jini anatokea majina ya wasanii hayajaisha kupita. Poda nyeupe usoni, lenzi nyekundu machoni, yuko sebuleni kwa mtu, nyuma yake kochi na maua ya plastiki. Ukiuliza, unaambiwa bajeti hakuna. Hiyo filamu ya msitu wa Uswidi yenyewe imepigwa Romania, maana msitu ni msitu. Sisi tunao Amani kule Muheza, tunao Magamba kule Lushoto. Kibali utalipia, lakini ukungu hautozwi.

Kwanza tupate hadithi ya watu wanaodaiana jambo. Nani hajui kundi la marafiki ambalo siku moja mmoja alitimua mbio, akamwacha mwenzake mikononi mwa vibaka, na mpaka leo wanakutana harusini wanataniana kana kwamba hakuna kilichotokea? Wapelekeni hao msituni siku tatu, muone.

Mwenye hadithi ya namna hiyo anitafute. Damu nitampunguzia bei. Poda nyeupe simpi.

Mama Zuwena,
Sinza, Dar es Salaam