Mbona hukuufungua mfereji?

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Hongera kwa kukabidhiwa meza ya habari hapo redioni. Unaniuliza mtautangazaje uchaguzi wa Agosti 2027 ili msikilizaji asiseme mnapendelea upande.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa ripota mchanga nilitumwa Kisauni, watu walikuwa wiki ya tatu hawajaona maji. Nikaketi barazani kwa mama mmoja, akanieleza anavyonunua mitungi kwa wenye mikokoteni, na jinsi maji ya kisima cha jirani yalivyo na chumvi, hata sabuni haitoi povu. Kisha nikampigia simu afisa anayehusika, akaniambia maji yanatoka kama kawaida. Nikaandika: wakazi wasema hivi, afisa asema vile. Sekunde 20 kwa huyu, 20 kwa yule. Usiku nikalala nikijiona mwadilifu.

Kesho yake yule mama akapiga simu kituoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikaa hatua tano kutoka kwenye mfereji. Mbona hukuufungua?"

Sikuwa na jibu, Mwanaidi. Kazi iliyokuwa yangu nilimtwisha msikilizaji. Na yule mama nilimdhulumu, maana shida aliyokuwa akiishi nayo niliipima sawa na neno la mtu ambaye hakunyanyuka kitini.

Lakini kuna kupotosha kwingine kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuhitaji uongo hata mmoja. Uliona mwenyewe mwaka 2022. Baada ya kura ya Agosti 9, IEBC, ile tume ya uchaguzi, iliweka kwenye tovuti yake fomu za 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, kutoka vituo 46,229, kila mtu azione. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja kivyake. Nilikuwa mkahawani Mwembe Tayari, runinga mbili ukutani: moja Ruto anaongoza, ya pili Raila. Mzee mmoja akashusha kikombe chake cha kahawa, akatazama huku, akatazama kule, akasema, "Mmoja wao anatuongopea."

Hakuna aliyeongopa. Fomu zilikuwa zilezile, ila kila chumba cha habari kilichota fungu lake kwa mwendo wake. Ukianza na fomu nyingi za Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, unapata picha moja, ukianza na za Nyanza, ngome ya Raila, unapata nyingine. Mwishowe tofauti ilikuwa kura 233,211, katika kura zaidi ya milioni 14. Mbio zikikaribiana hivyo, mpangilio wa fomu tu unatosha kumpandisha mtu na kumshusha siku nzima. Kilichokosekana ni mstari mmoja chini ya zile namba: tumehesabu fomu kadhaa, za kaunti hizi, na hizi bado. Badala yake hesabu zikazorota kabla hazijakamilika, na watu wakajitungia sababu.

Najua wakubwa wako wana hofu, na hofu hiyo ina historia. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 redio zililaumiwa kwa uchochezi, hata mtangazaji Joshua arap Sang akapandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, kesi ambayo majaji waliisitisha Aprili 2016. Basi uchaguzi wa 2013 tukaogopa kupita kiasi. Mitambo ya kutambua wapiga kura ikafeli vituo vingi, nasi tukashika kuhubiri amani pale tulipotakiwa kuuliza maswali. Ule ukimya haukuwa uadilifu. Ulimpendelea aliyefaidika maswali yasipoulizwa.

Kwa hiyo kupima dakika za kila mgombea, pima, ni haki yao. Ila usiku wa matokeo nakusihi uweke mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutaja namba zimetoka wapi, kila saa, hata kama wasikilizaji watachoka. Na mkikosea, sahihisheni katika taarifa ileile, kwa sauti ileile, msingoje usiku wa manane.

Niandikie umempata nani wa kazi hiyo. Ukikosa, mimi nitapanda basi nije Kitale mwenyewe, mradi unilaze kwako. Nisalimie watoto na mama.

Rafiki yako,
Saumu