Kisukari siyo pipi tu jamani

Mhariri, nimechoka kusikia eti kisukari ni ugonjwa wa wala pipi. Kongosho inatoa insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inaingia kwenye damu, ikifika kwenye seli ya msuli wala haizami ndani, inashika kipokezi pale kwenye utando wa nje, alafu hicho kipokezi ndo kinapeleka taarifa ndani na milango ya glukosi (ndo sukari ya kwenye damu) inasogezwa mpaka kwenye utando sukari ipite. Kisukari aina ya 2, seli inakua kama kiziwi hivi, hodi inapigwa ila haiitikii vizuri, sukari inabaki kwenye damu. Aina ya 1 mpiga hodi mwenyewe, yaani insulini, hayupo au kidogo sana, ndo maana ya sindano za insulini, zilianza 1922 kule Toronto. Hebu andikeni hata nusu ukurasa.

Msomaji wenu, Morogoro