"Get" si kupata tu

Mhariri,

Mimi ni mtembeza wageni katika mashamba ya viungo Kizimbani, na kila msimu naletewa vijana waliomaliza skuli niwafunze kazi. Kiingereza wanacho, lakini "get" inawatoa jasho. Skuli wamekariri kupata, basi. Sasa saa sita jua limekaza, mgeni anajipepea na kofia: "It's getting hot." Kijana anamuuliza kapata nini! Hakupata kitu, joto ndilo linalozidi. "Get off" ni kushuka basini, "get up" kuinuka, "I get it" nimefahamu. Na ukisikia "gotten", huyo aghlabu ni Mmarekani. Muingereza atasema "got".

Wala tusiwacheke Wazungu. "Piga" yetu je? Piga simu, piga pasi, piga deki, piga mbizi. Mgeni mwenye kamusi mkononi atadhani hapa kutwa tunagombana.

Naomba waalimu wafundishe sentensi nzima kama watu wanavyozisema, tena watoto wazitamke darasani, si kuandika tu. Na watunga mitihani nao waulize hivyo hivyo, maana bila ya hilo hakuna mwalimu atakayehangaika.

Mtembeza wageni,
Unguja